Mbegu za baridi, jasho la Mbagala

  

Najua wapo waliofungua ukurasa huu wakitaka kujua yule dada wa Tandika aliamua nini kati ya fundi makenika na yule mjeda. Vuteni subira, wiki ijayo nitawapa mwisho wake. Leo naomba niwape kisa changu mwenyewe. Mapenzi hayamo, ila umo uongo, limo deni na yumo mtu niliyemkosea, kwa hiyo sidhani kama mtajuta.

Kisa chenyewe ni cha mbegu. Ndiyo, mbegu! Maharage na njegere. Msicheke kwanza.

Mimi kwa upande wa mama ni mtu wa Lushoto. Bibi mzaa mama bado yuko kule juu milimani Usambara. Ukifika Mombo gari linaacha barabara kuu na kuanza kupanda kona kwa kona, unapita Soni, masikio yanaziba, na kabla hujakaa sawa unaanza kutafuta sweta. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani walipokuwa wakitutawala walipaita Wilhelmstal, na wakubwa wao walikuwa wakikimbilia huko kupumzika joto la pwani. Mwezi wa saba ukilala na blanketi moja, utaamka meno yanagongana kama cherehani.

Bibi ana shamba la ekari moja na nusu, limekaa ubavuni mwa mlima, matuta yamepangwa kama ngazi. Analima na mjomba na mke wa mjomba. Sehemu ya shamba ni mboga za kuuza. Sehemu nyingine ndiyo yenye heshima yake, ile ya mbegu. Wanazalisha mbegu ya maharage, yale ya Lyamungu 90, makubwa yenye madoa mekundu, pamoja na njegere. Mjomba alipelekwa mafunzo, akaandikishwa kama mzalishaji wa mbegu za kuazimiwa ubora. Mkaguzi anakuja kukagua shamba, na mbegu inauzwa kwa wakulima wa hukohuko.

Duka lao ni baraza ya nyumba. Wana mizani moja, debe mbili na ungo. Jioni baada ya kula, bibi anakaa na ungo mapajani akichambua punje mojamoja. Iliyokunjamana anaitoa, yenye doa lisilo lake anaitoa, iliyovunjika inaenda kwenye chungu cha kesho. Ukimsemesha wakati huo anakujibu bila kuinua macho.

Halafu kuna daftari. Kaunta buku moja ya zamani, gamba jeusi, imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kila anayenunua mbegu pale barazani anaandikwa humo jina lake, kitongoji chake, kilo ngapi na mwezi gani. Nilidhani ni daftari la madeni. Kumbe hata aliyelipa taslimu anaandikwa! Nikamuuliza bibi kwa nini anajisumbua, akaniambia, "Nikiandika najua wa kumuuliza, na yeye anajua wa kumdai."

Wakati ule nililiona jibu la kizee tu.

Basi mwaka juzi, mwezi wa tisa, nilipanda Lushoto kupumzisha akili. Hali yangu mjini ilikuwa ngumu. Kidato cha nne nilipata divisheni foo ya kusukuma na mlango, vibarua vilikuwa vya msimu, na hii kazi ya kuandika makala mnayoiona ilikuwa bado hata nauli hailipi. Nikakaa kwa bibi wiki mbili, nakula njegere zilizoungwa kwa nazi na kujifanya nasaidia shamba.

Siku moja nikamwona mkulima mmoja amepanda mlima mwendo wa saa mbili kwa miguu kuja kununua kilo nne za mbegu. Kichwani taa ikawaka. Kama mtu anatembea saa mbili kuifuata, mimi nikiipeleka Mbagala mlangoni kwa mtu si nitakuwa tajiri? Mbagala, Chamazi, Kongowe, Mzinga, kote huko watu siku hizi wanalima kila penye uwazi. Nikapiga hesabu usiku. Bibi anauza kilo shilingi 4,000. Nikichukua kilo 20 za maharage na kilo 5 za njegere ni laki moja. Nikizifunga pakiti ndogondogo, naingiza laki mbili. Faida asilimia mia! Nikalala natabasamu.

Asubuhi nikamvaa mjomba. Mjomba si mtu wa maneno mengi. Akaniambia, "Mpwa wangu, acha. Hii mbegu imezoea huku kwenye baridi, huko kwenu joto litaiua. Tena mbegu ya aina hii imeruhusiwa kuuzwa hukuhuku, si ya kuzungusha Dar es Salaam. Sheria ipo."

Nikaona mjomba ananibania. Nikamsubiri aende shamba, nikaenda kwa bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu," bibi akaitika kwa ule utani wake. "Leo macho yamekutoka, unataka nini?"

Nikamwambia kuna marafiki zangu wenye mashamba sehemu za baridi, wanataka mbegu nzuri. Uongo mtupu, wasomaji. Sikuwa na rafiki mwenye shamba hata la kupanda kitunguu kimoja. Bibi akaniangalia kidogo, akapima, akafunga mzigo. Hela sikuwa nayo, akanikopesha. Akafungua daftari akaandika kwa mwandiko wake wa kulala: mjukuu, Dar, kilo 20, kilo 5, hajalipa.

Nikashuka mlima na mzigo wangu.

Mbagala nilinunua bahasha za khaki, nikaazima muhuri wa mpira kwa mshikaji mmoja wa stesheneri, nikagonga maneno "MBEGU BORA KUTOKA LUSHOTO". Maharage gramu 200 shilingi 1,500, njegere gramu 100 shilingi 1,000. Wenye macho wakaona biashara. Jina la Lushoto lenyewe linauza! Mtu wa Dar akisikia Lushoto anaona kabichi kubwa kama kichwa cha ng'ombe, hajiulizi mara mbili.

Mteja wangu mkubwa alikuwa mama jirani. Tunaishi nyumba ya tatu kutoka kwake, amenijua tangu navaa kaptula ya shule ya msingi. Namwita mama, naye ananiita mwanangu. Alikuwa na genge la nyanya na dagaa pale uchochoroni, akachoka kununua mboga ya kulanguliwa, akataka kulima mwenyewe. Akakopa laki mbili kwenye kikoba. Elfu 80 akakodi robo eka bondeni, upande wa Kongowe. Elfu 50 akalipa vijana wa kulima. Elfu 70 iliyobaki akanipa mimi, maharage pakiti 40 na njegere pakiti 10. Akaniambia, "Wewe mwanangu huwezi kuniingiza mjini."

Ukiacha yeye, nilipata wateja wengine 13. Jumla nikaingiza laki na elfu 40. Bibi nikamtumia elfu 50 kwenye simu, nikamwambia zilizobaki zinakuja. Zilizobaki zilikuja kuwa viatu, suruali moja ya nguvu na chipsi kuku za Jumamosi tatu mfululizo. Pakiti zilizokuwa hazijauzwa nikazisukuma chini ya kitanda, chumba changu cha mabati bila dari.

Katikati ya Novemba mvua za vuli zilipoanza, wakapanda.

Mwanzoni ilikuwa raha. Maharage yaliota kama yameitwa. Wiki ya tatu mama jirani alinipitishia sifa hadi kwa mama yangu. Majani mapana, kijani kibichi, yamesimama. Njegere zikaanza kusuasua mapema, majani ya chini yakawa ya njano, lakini tukasema ni jua, zitazoea.

Mwisho wa Desemba maharage yakatoa maua. Mama akaenda shamba asubuhi, akakuta maua yapo chini. Kesho yake tena. Ua linachanua, linakaa kidogo, linapukutika. Mti mzima umebaki majani tu, na ganda la kubahatisha hapa na pale lenye punje moja iliyosinyaa.

Alikuja kwangu Januari. Nyie mnaijua Januari, mwezi wa ada na kodi ya nyumba. Nilimwona anakuja na kanga yake kichwani, mkononi ameshika miche mitatu ya maharage, mizizi bado ina udongo. Nikajua leo natukanwa mbele ya watu. Nikaanza kupanga maneno.

Hakunitukana. Alikaa kwenye benchi, akaweka ile miche mapajani, akasema taratibu, "Mwanangu, nimekuja unielekeze. Nimekosea wapi?"

Wasomaji, ningepigwa kofi ningeona afadhali.

Yule mama alikuwa anaamini kosa ni lake. Alidhani hakumwagilia vizuri, au alizidisha mbolea, au alipanda kwa kubananisha. Na mimi ndiye niliyeambiwa na mjomba kwa maneno ya Kiswahili safi kwamba joto litaiua ile mbegu. Unajua nilijibu nini? Nilisema, "Labda maji hayakutosha, mama."

Akatikisa kichwa. "Eeh, labda. Kuna siku mbili niliumwa sikwenda." Akainuka, akaondoka na miche yake.

Usiku ule sikulala. Joto lilikuwepo, mbu walikuwepo, lakini si wao. Saa tano usiku nikampigia mjomba nikamweleza yote. Akanyamaza hadi nikadhani salio limeisha. Halafu akanieleza kilichotokea, nami nawapa kama nilivyokipokea, maana wengi wenu mna vibustani nyuma ya nyumba na hamjui.

Ukipanda juu kwa mita 1,000, joto hushuka kama nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo kati ya Mbagala na Lushoto kuna tofauti ya nyuzi 8, na kwa mmea hiyo ni kama nchi nyingine. Maharage yanaweza kuvumilia mchana wa joto. Kinachoyamaliza ni usiku wa joto. Usiku ukizidi nyuzi 20 kwa kwenda juu sana, chavua inaharibika, ua halishiki, linaanguka. Dar es Salaam kuanzia Desemba hadi Machi usiku unakaa kwenye nyuzi 24, 25. Ndiyo maana shamba linapendeza kwa macho na chungu kinabaki kitupu. Njegere ndiyo mbaya zaidi, yenyewe ni mmea wa baridi kabisa, jua la pwani linaikausha ingali mtoto.

Wazee wa pwani hawakuwa wajinga kupanda kunde, choroko na mbaazi. Wanajua kwa nini.

Kabichi na karoti nazo zina siri yao. Mboga hizo zinapandwa Lushoto kwa wingi, lakini ili zitoe maua na mbegu zinahitaji kupitia baridi kali kwa wiki kadhaa, baridi ambayo hata milima yetu mingi haiitoi vya kutosha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mbegu zake tunazonunua kwenye makopo na pakiti inatoka nchi za baridi kama Uholanzi. Na cha kushangaza, mashamba ya Arusha kwa miongo mingi yamekuwa yakizalisha mbegu za maharage na maua zinazosafirishwa kwenda kupandwa kwenye bustani za Ulaya. Hali ya hewa ya kule inafaa, punje inakomaa na kukauka vizuri bila magonjwa mengi. Kila mbegu na mahali pake, pa kuzaliwa na pa kupandwa.

Biashara hii yenyewe si ya kudharau. Huko Marekani, kwenye jimbo la Maine ambako theluji inakaa miezi, ipo kampuni ya Johnny's Selected Seeds iliyoanzishwa mwaka 1973 na kijana mmoja, Rob Johnston. Ilianza ndogo kabisa, ikitafuta mbegu za kuwahi kukomaa kabla baridi halijaua bustani, na leo inajulikana dunia nzima. Haikukua kwa kumuuzia mtu wa jangwani mbegu ya theluji.

Na hapa kwetu, Arusha, kituo cha utafiti wa mboga cha kimataifa kipo tangu mwaka 1992. Zile nyanya za Tanya na Tengeru 97 mnazozisikia zilitoka mwaka 1997. Watu wamekaa miaka wakitafuta aina inayofaa sehemu fulani. Mimi nikaja na bahasha ya khaki na muhuri wa kuazima.

Turudi kwenye kisa. Mambo hayakuishia hapo. Februari watu wawili walionunua zile pakiti za chini ya kitanda walikuja juu. Nyingine zilitobolewa na fukusi kama zumari, nyingine zilipandwa zikaoza ardhini. Hapo napo nilikuwa nimefanya ujinga bila kujua. Mbegu ni kitu hai, imelala tu. Adui zake wawili ni joto na unyevu. Wataalamu wana kanuni yao ya kukadiria, kwamba ukipunguza joto la mahali unapohifadhi mbegu kwa nyuzi 5, umri wake unaongezeka mara mbili hivi. Kule Norway kuna ghala la dunia la mbegu, Svalbard, lililofunguliwa mwaka 2008, wanazitunza kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Mimi nilizitunza chini ya mabati ya Mbagala, mwezi wa kwanza, mchana chumba kinapika.

Mjomba alimalizia kwa kuniambia maneno mafupi, "Njoo umwambie bibi mwenyewe. Mimi simwambii."

Nikaenda Mbezi Luis alfajiri, nikapanda basi. Njia nzima natunga hotuba. Chalinze nilikuwa na hotuba nzuri, Segera nikaiona haifai, Mombo sikuwa na hotuba tena.

Bibi alinisikiliza na ungo mapajani. Nilipofika pale niliposema "labda maji hayakutosha", mikono yake ikasimama. Akaweka ungo chini, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kabla kazi haijaisha. Akasema, "Lete daftari lako unisomee wateja."

"Sina daftari, bibi."

"Uliuza mbegu bila daftari?"

"Ndiyo bibi."

Siku hiyo hakuniita mume wangu. Akasema, "Sikiliza. Anayeuza mchele akimdanganya mtu, amemharibia chakula cha siku moja. Anayeuza mbegu akidanganya, amekula miezi mitatu ya mwenzie. Hiyo miezi utaitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Nililala siku mbili nikarudi Dar. Kwanza nikanunua kaunta buku, shilingi 3,000. Nikakaa nikakumbuka wateja wote, nikawaandika, wale 14 wa mwanzo na wale wawili wa chini ya kitanda. Halafu nikaanza kazi soko la Temeke Stereo, kushusha mizigo usiku. Na mnajua nilikuwa nashusha nini? Kabichi, karoti na viazi kutoka hukohuko nyanda za baridi! Kila gunia likitua begani naona kama bibi ndiye aliyelipakia.

Ilinichukua hadi Mei kurudisha hela. Wateja wadogo wengi walicheka, wengine walikuwa wameshasahau, mmoja alikataa kabisa kupokea akasema elfu moja na mia tano haiwezi kumtajirisha. Mmoja alinitukana nusu saa nzima, nikasikiliza, nilistahili.

Kwa mama jirani nilienda wa mwisho, kwa sababu ndiye niliyemwogopa. Nikamkuta gengeni. Nikamwambia, "Mama, shamba hukukosea. Mimi ndiye niliyekosea. Nilijua mbegu ile si ya huku, nilionywa, nikakuuzia. Na siku ile ulipokuja nikakudanganya."

Hakusema kitu. Alichukua ile elfu 70, akaihesabu noti kwa noti, akaikunja akaiweka kwenye upindo wa kanga. Halafu ndipo akaniangalia.

"Hela ya mbegu imerudi," akasema. "Msimu haujarudi. Na kikoba nilipigwa faini."

Nikamuuliza nifanye nini. Akanionyesha jembe lililoegemea ukuta. Basi kuanzia Jumamosi ile nikawa naenda naye bondeni. Tulilima matuta ya mchicha, mengine ya bamia, na kando tukapanda kunde. Mchicha ulitoka ndani ya wiki nne, ukauzwa wote hapohapo gengeni. Bamia zikafuata. Deni la kikoba lilimalizika Septemba. Tulikuwa hatuongei sana shambani. Anasema "chota maji", nachota. Anasema "palilia huku", napalilia.

Kwa bibi pia nimemaliza, ile elfu 50 iliyobaki nilimtumia yote. Nilipopanda tena Krismasi alinifungulia ukurasa wangu akanionyesha. Neno "hajalipa" amelikata kwa mstari mmoja, akaandika "kalipa". Lakini hakulifuta likapotea, ukitazama unalisoma.

Sasa, nyie wenzangu mnaotaka kujaribu bustani, nisikilizeni mimi niliyeungua. Ukinunua mbegu usiulize bei tu, uliza inapandwa wapi na mwezi gani. Mbegu ya dukani iwe na lebo ya TOSCI, ile taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu iliyoanzishwa kwa Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na tarehe yake uisome. Bahasha ya khaki yenye muhuri wa kuazima ikimbie, hata kama anayeuza umemlea mwenyewe. Kwa hapa Dar, mchicha, matembele, bamia, kunde na kisamvu havitakuangusha. Chainizi nayo inakubali ukiipa maji na kivuli kidogo. Ukitaka kabichi, tafuta aina zilizotengenezwa kuvumilia joto, na panda ili ikue ile miezi ya Juni hadi Agosti. Njegere muachie bibi yangu.

Kabla ya kuipanda yote, jaribu. Chukua punje kumi, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, kaa nazo wiki moja. Zikiota nane au tisa, una mbegu. Zikiota tatu, una mboga ya kuchemsha, na kama zimetiwa dawa usithubutu hata kuchemsha. Zilizobaki zitunze zikiwa kavu, kwenye chombo cha kufunga, mahali penye ubaridi, sio chini ya mabati kama mimi.

Mwezi uliopita nimeanza tena kuuza mbegu. Safari hii ni pakiti halali za dukani, mchicha, bamia na kunde, nimeweka kimeza kidogo pale kituoni. Kaunta buku lipo juu ya meza, gamba jeusi, nimelifunga kwa mpira wa baiskeli. Watu wananishangaa ninapowaandika, wengine wanadhani natoka serikali za mitaa.

Jumanne iliyopita mama jirani alipita. Akasimama, akachukua pakiti ya kunde akaisoma mbele, akaigeuza akaisoma nyuma, akasoma tarehe. Akaniuliza, "Hii ni ya wapi?"

"Ya huku, mama. Ya joto."

Akaitia kwenye kikapu. Nikangoja anipe hela. Akasema, "Niandike. Ikiota nitakulipa."

Nimemwandika, wasomaji. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza. Leo ni siku ya tano, na kunde huota siku ya tano au ya sita. Nikimaliza tu kuandika makala hii naelekea bondeni kuchungulia.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, na yule dada wa Tandika atakuwepo. Kwa herini!